Njia ya Mkato ya Papa Ange

Ijumaa mchana umeme ulirudi Ndosho, mtaa wa Goma, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa vibaya. Taa ikalipuka, redio ikapiga yowe, na kompyuta ya Wenceslas ikatoa moshi kidogo, ikazimika.

"Papa Ange," mkewe Uwamariya akasema polepole, "sauti ya mama iko ndani."

Kweli ilikuwamo. Kesho yake ilikuwa dote, sherehe ya mahari, ya binti yao, Ange. Bibi yake, mama yake Uwamariya, alikuwa kwao Rutshuru, barabara imefungwa na simu hazishiki. Bahati nzuri, alipokuja Goma mara ya mwisho alirekodi baraka zake, zichezwe mbele ya wakwe. Dote bila neno la bibi? Wakwe wangesema wamechumbia kwenye nyumba isiyo na watu.

Wenceslas wala hakutishika. Alivuta flashi iliyoning'inia shingoni pamoja na rozari. Tangu volkano ilipowakimbiza, hakuivua hata akilala.

"Nani alifanya sauvegarde, akaweka kopi humu? Miye. Nanyi mulinicheka!"

Wakaenda kwa jirani yao Baharanyi, fundi wa kompyuta. Akachomeka flashi, akatazama, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Papa Ange, mbona hizi zote ziko na kamshale?"

"Ndiyo. Ziliandikwa raccourci. Nikasema, kumbe kuna njia ya mkato! Picha za miaka kumi zilikopiwa kufumba na kufumbua."

"Na hukushangaa?"

"Nilisifu flashi."

Baharanyi akashindwa kujizuia. "Muzee, shingoni ulibeba kibao tu: 'Nyumba ya Papa Ange iko kule.' Nyumba yenyewe uliiacha ndani ya mashine."

"Yaani volkano ingerudi," Uwamariya akauliza, "tungekimbia na kibao?"

"Na rozari, Mama Ange. Usisahau rozari."

Wenceslas hakucheka. Akilini alikuwa akiwaona wakwe wamenyamaza, wakingoja sauti isiyokuja, na Ange akimtazama yeye. "Fungua ile mashine," akasema, akakimbia kuileta.

Baharanyi akalegeza skrubu moja moja. Kilichoungua kilikuwa upande wa kuingiza umeme. Diski huenda ilipona. Akaichomoa, akaiunganisha kwa waya na mashine yake. Hakuna kilichoonekana. Wenceslas akashika rozari, flashi akaiacha. Kisha mafaili yakaanza kujitokeza, na Uwamariya akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

"Bado," Baharanyi akasema. "Kopi moja ikae nyumbani. Nyingine ipande boti, iende kwa dada yako Bukavu. Na kila kopi uifungue, usikilize mpaka mwisho."

Mpaka mwisho! Wenceslas hakuwahi kufika huko. Wakaicheza sauti. Bibi alibariki, akataja mababu, akanyamaza. Kisha akakohoa.

"Na huyu mukwe wangu Wenceslas, anapenda sana njia ya mkato. Hii sauti mumupe mutu mwingine aichunge."

Uwamariya alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kata hapo mwisho," Wenceslas akaagiza. Baharanyi aliponyoosha kidole, Wenceslas akamdaka mkono. "Ngoja! Kopi kwanza, ndipo ukate."

"Sasa umeokoka," Baharanyi akasema, akafanya alivyoambiwa: faili zima kwenye flashi moja, lililokatwa kwenye nyingine.

Uwamariya akatia moja mkobani bila kusema ni ipi. Kesho yake wakwe walicheka mpaka wakamwaga soda.