Plagi ya Nne

Kesi ilikuwa saa saba mchana, na saa tatu asubuhi gari langu likaanza kumisi, injini ikikatakata. Mahakama ya kaunti iko mwendo wa saa moja na nusu, na huku kwetu kaskazini mwa Michigan basi la mwisho lilipita nikiwa shule ya msingi. Baba yangu, ninayeishi naye, aliuza pikapu yake mwaka juzi. Basi ni hicho kigari changu tu.

Kesi yenyewe ilikuwa ya binti yangu Adeline, wa miaka saba. Tangu niachane na mume wangu anakaa kwangu. Sasa baba yake, Trent, alitaka ahamie kwake. Kikao cha kwanza sikufika kwa sababu ya theluji. Hakimu aliniandikia kwamba nisipofika cha pili ataamua bila mimi.

Plagi mpya nne, za kuwashia moto ndani ya injini, nilikuwa nazo. Zilikaa wiki nzima kwenye boksi huku nikisema kesho, kesho. Hilo kosa ni langu, silikatai. Kazi si kubwa: unatoa koili ya umeme iliyo juu yake, unafungua plagi kuukuu, unafunga mpya. Nilisubiri injini ipoe, nikaandaa kipande cha bomba la mpira la kupitishia petroli. Plagi unaichomeka kwenye ncha ya mpira na kuizungusha taratibu tunduni. Ikiingia upande, nyuzi zake zisipolingana na za tundu, mpira unateleza na hakuna kinachoharibika.

Baba akaja gereji na kikombe cha kahawa. Huyu ni Leonard, aliyekaza bolti za injini kiwandani miaka thelathini na nne kwa mashine ya mkononi ya kukazia, ya nguvu ya upepo, inayotetemesha mpaka meno.

"Huo mpira wa nini?"

"Wa kuanzishia plagi, baba."

"Mpira ni wa wasio na mikono. Hebu sogea."

"Baba, leo sina nafasi ya kubahatisha."

"Nani anabahatisha? Nimefunga injini nyingi kuliko sahani za chakula ulizokula, Marcy. Mkono unajua wenyewe."

Ningekataa. Lakini tangu mama afariki mzee hakuwa na mtu anayemwomba kitu, na nilimwona alivyopandisha mikono ya shati. Nikampisha.

Tatu ziliingia vizuri. Ya nne iko nyuma kabisa, pabaya kufikika. Aliizungusha, ikagoma, akaongeza nguvu.

"Imekaa hiyo," akasema.

Nikawasha. Injini ikakohoa, ikafoka hewa upande wa nyuma, ikazimika. Nilipoitoa ile plagi ya nne, nyuzi za tundu lake zilitoka nayo, alumini imenyofoka na kunata kama maganda ya viazi. Tundu lile haliwezi tena kushika kitu mpaka likatengenezwe na fundi.

"Hukusikia kwamba inaingia upande?"

Baba alitazama vidole vyake. "Vidole havisikii kitu, mwanangu, mashine ile imevitia ganzi. Mwaka wa pili sasa. Hata kikombe nakishika kwa macho."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini?"

Nilimchukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamwonea huruma, kisha nikamchukia tena, na saa ikawa nne na nusu. Jirani alikuwa kazini. Dada yangu yuko Toledo. Teksi hatuna. Nilipiga simu mahakamani, karani akasema nifike mwenyewe. Nililia nikiwa nimeshika spana, nikajifuta uso kwa mkono wenye grisi.

Gari moja tu nililolijua lilikuwa linaelekea kule: la Trent.

"Usimpigie huyo," baba akasema.

"Basi nipe gari."

Akaokota kikombe chake, akaingia ndani.

Trent alipokea mara moja. "Unanitania, Marcy."

"Ningekuwa na mwingine, ningekupigia wewe?"

Nikasikia akipunguza mwendo. "Nitageuza. Vaa koti."

Njia nzima hakunisimanga. Alikuwa ameninunulia kahawa, akaongeza joto la gari aliponiona nimejikunyata. Angenitukana ningepata nguvu. Nikainywa ile kahawa.

Tulifika saa saba kasoro dakika tano. Hakimu, mama mwenye sauti ya upole, aliniuliza habari za shule, za kazi yangu, za nani humpeleka mtoto kwa daktari akiumwa. Nilijibu vizuri, hata mimi nilijisikia kwamba najibu vizuri. Aliandika, akaitikia kwa kichwa, akaanza kufunga faili. Kisha akatazama mikono yangu, yenye grisi iliyoishinda sabuni.

"Na leo, Bi Nowak, umefikaje hapa?"

Trent aliinamisha kichwa. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu.

"Amenileta yeye," nikasema.

Hakimu akafungua faili upya, akarudi kwenye jibu langu la daktari, akaandika.