Blanketi la Buluu Kilimani

Kila mwaka, mwezi wa pili, ardhi ya Kilima cha Kanali ilibonyea mahali palepale, na kila mwaka Verlene Gadsden alileta toroli la udongo akapajaza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza bustani wa mji wa Harlow, Karolina ya Kusini, na kilima kile alikijua kama ulimi unavyoyajua meno. Alijua mashine ya kukata nyasi itazama wapi, itainuka wapi, itazama tena wapi. Vilikuwa vibonde vidogo, vyenye urefu wa mtu aliyelala. Vingine vilikuwa vifupi zaidi.

"Kanali anashusha pumzi," walitaniana kazini. Juu ya kilima alisimama Kanali Thayne, wa shaba, upanga mkononi, yule aliyepigana ili watu weusi wabaki watumwa. Hutto, msimamizi wao, aliamini uzito wa sanamu ndio unaodidimiza ardhi. Mwaka juzi kreni ikaja ikambeba Kanali, kikabaki kitako chake cha mawe. Ardhi ikaendelea kubonyea. Utani ukaisha hapo.

Tena kulikuwa na lile gugu. Lilitambaa kutoka pande zote za kitako, majani yake yaking'aa hata kwenye baridi kali, maua yake madogo ya rangi ya buluu. Hutto hakulitaka. Verlene aling'oa, akapulizia dawa, akang'oa tena, na ikifika Aprili limerudi. Wakati mwingine, akiwa ameinama, alihisi kwamba akigeuka atakuta watu wamesimama nyuma yake wakingoja amalize. Hakuwahi kugeuka. Aliwasha mashine, mlio ukajaza kilima chote.

Jumamosi kabla ya ujenzi wa sanamu mpya kuanza, mji ulikifunga kilima, naye Verlene akapata nafasi ambayo hakuwa nayo tangu aajiriwe: kwenda na wanawake wa Kanisa la Mlima Nebo kusafisha makaburi. Mama yake, Bi Zipporah, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa kwenye kiti cha kukunja akitoa amri kwa fimbo. Waliokota matawi makavu, wakavipangusa vikombe na sahani zilizovunjika ambazo wafu waliachiwa zamani, wakazirudisha kila moja mahali pake. Verlene akafika kwenye kaburi lisilo na jiwe, akapiga magoti, akashika mzizi.

"We Verlene, mkono wako unatafuta nini hapo?"

"Nang'oa gugu, Mama."

"Gugu." Bi Zipporah akawageukia wenzake. "Jamani, nimezaa mtunza bustani asiyejua gugu na blanketi."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Muache, dada, huyu kazoea maua ya serikali."

"Liache hilo, mwanangu," mama yake akasema, sauti imeshuka. "Watu wetu hawakuruhusiwa jiwe, wala jina. Walipanda hilo juu ya mtu wao, maana halifi wakati wa baridi. Ukiliona mahali, ujue kuna mtu amefunikwa. Miaka yote hiyo mjini hujaliona?"

Verlene alitazama ua la buluu lililokuwa kati ya vidole vyake.

"Nimeliona," akasema.

Usiku ule hakula. Siku ya pili, baada ya ibada, alikwenda kwa mdogo wake Arletha. Arletha alikuwa diwani. Alikuwa amepigania miaka saba Kanali ashushwe na mahali pake pawekwe sanamu ya Mwalimu Hester, bibi wa mama yao, aliyewafundisha watoto weusi kusoma chini ya sakafu ya kanisa. Sanamu ilikuwa tayari, imelala ghalani. Kesho yake katapila lingeanza kuchimba msingi mpya. Verlene alimkuta mbele ya kioo akijaribu kofia ya siku ya uzinduzi, akamweleza yote akiwa bado mlangoni.

"Hapana," Arletha akasema. "Usinifanyie hivi, dada."

"Sikufanyii. Nakwambia."

"Miaka saba nimetukanwa kila mkutano. Nimeletewa barua ambazo Mama hajaziona na hataziona. Ukisema kuna makaburi, wale wale waliomlilia Kanali ndio watakaopiga makofi. Watasema, si mnaona, hata wenyewe hawajui wanachotaka."

"Najua."

"Na watauliza ni nani aliyekuwa aking'oa alama."

"Najua hilo pia."

"Labda ni maua tu."

"Njoo ukanyage."

Walifika kilimani jua likielekea kushuka. Arletha alitangulia na viatu vyake vya kanisani, amekunja uso kama mtu anayeonja dawa. Ardhi ikampokea, ikamwinua, ikampokea tena. Kwenye kibonde cha nne akasimama.

"Hiki ni kifupi."

"Ndiyo."

"Kifupi sana, dada."

Verlene alihisi tena wale watu nyuma yake, karibu kuliko siku zote, na safari hii akageuka.

Hakukuwa na mtu. Lakini jua lilikuwa limelala chini, mwanga ukipita juu ya nyasi kwa ubavu, na kila kibonde kilikuwa kimejaa kivuli. Miaka kumi na tisa alikuwa amevikanyaga kimoja kimoja. Sasa aliviona vyote kwa pamoja, mstari kwa mstari, vyote vikielekea mashariki, kama makaburi ya Mlima Nebo. Mistari ilipanda kilima hadi kwenye kitako cha mawe, ikapita chini yake, ikatokea upande wa pili.

"Walimsimamisha juu yao," Arletha akasema polepole.

"Na sisi kesho tungemsimamisha Mwalimu Hester."

Arletha alivua kofia. Aliishika kifuani kwa muda mrefu. "Mama yake Mwalimu," akasema, "alikuwa mtumwa wa shamba lililokuwa hapa hapa. Walimzika wapi?"

"Hakuna aliyewahi kujua."

Wakasimama hapo mpaka vivuli vikajaa vikamwagika, kilima kikawa kitu kimoja cheusi.

Asubuhi katapila lilipofika lilikuta vibendera vyekundu kilima kizima. Verlene alikuwa akichomeka cha mwisho.

"Verlene," Hutto akasema, "hivyo ni vya kuonyesha mabomba ya maji."

"Leo si vya mabomba."

"Nani kakutuma kazi hii leo?"

"Hakuna aliyenituma."

Arletha akashuka garini, viatu bado vina udongo wa jana, nyuma yake waandishi wawili waliokuja kupiga picha za uchimbaji. Akamwambia dereva wa katapila azime, naye akazima. Kisha Arletha akageuka kuanza kueleza, lakini Verlene alikuwa ametangulia mbele, mikono ameificha kwenye mifuko ya ovaroli.

"Hapa pana makaburi ya watumwa," akasema. "Yalikuwa na alama. Mimi ndiye niliyezing'oa. Sikujua, lakini ni mimi."

Hutto alitazama kilima, akahesabu vibendera kwa midomo tu, akaacha njiani. Akavua kofia yake.

"Na sanamu ya mwalimu?" mwandishi mmoja akauliza.

"Itasimama chini kule, barabarani," Arletha akasema, ingawa hakuna baraza lililokuwa limepitisha hilo. "Chini kabisa, miguu ardhini. Ikitazama huku."

Verlene hakusikia mengine. Ndani ya gari lake mlikuwa na ndoo aliyoijaza miche ya ua la buluu alfajiri kule Mlima Nebo, mama yake akiwa amemshikia taa na kumkaripia kwamba anakata mizizi mifupi. Akaishusha. Akaanza na kile kibonde kifupi, akachimba kwa vidole, akapanda, akashindilia.

Walikuwa nyuma yake. Aliwahisi kama zamani, wengi, kimya, wakingoja amalize. Hakugeuka, wala hakuwasha mashine. Akavuta ndoo karibu, akaendelea na kinachofuata.