Nyumba ya Mia

Jumanne saa tatu asubuhi, Kornelia alikuwa akifuta vumbi kwenye kadi za matundu kwa kipande cha flana, kama alivyofanya kila siku kabla ya kuwasha mashine, nyumba ya kwanza ilipofika.

Ilikuwa tembe ndogo ya miti, udongo na samadi, yenye paa bapa. Ilipita getini bila haraka, ikalizunguka pipa la maji ili isiliangushe, ikatua kando ya ukuta wa kusini ambako jua la asubuhi hupiga vizuri. Felician, mlinzi, aliiandika kwenye daftari la wageni. Mahali pa saini alipaacha wazi.

"Umeiuliza inamtaka nani?" Kornelia alisema.

"Nyumba haina mdomo, dada. Ila mlango imeuelekeza kwako."

Kituo kilikuwa Mogitu, ndani ya ghala la zamani la ngano. Mashine yenyewe, kompyuta iliyosoma matundu ya kadi, ilikuwa kubwa kama makabati matatu, na bomba lake la joto lilitoka dirishani, ambako kuku wa Felician walipenda kulala. Kornelia alikuwa ametoka mbali, Bukoba, akasomea kazi hiyo Dar es Salaam, kisha akapangiwa huku kwenye baridi ya Mlima Hanang. Kazi ilikuwa moja: kila mwezi mashine ichape orodha ya unga kwa ajili ya kijiji kipya. Mwaka huo wa 1975 mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili na ng'ombe walikuwa wamekwisha. Aliyekuwa kwenye orodha alipimiwa debe lake. Asiyekuwepo hakupimiwa.

Watu wa kijiji kipya walikuwa wameletwa kwa malori mwaka uliotangulia, wakitolewa mbugani, na nyumba zao zikabomolewa nyuma yao ili wasipate pa kurudi.

Wiki moja kabla ya Jumanne hiyo, Landrova ilileta tepe nne ndani ya sanduku la mbao, pamoja na barua. Tepe zilikuwa na mfumo mpya wa kuendesha mashine. Barua ilisema ule wa zamani ufutwe, na Kornelia akaufuta. Tangu siku hiyo kompaila, yaani ile programu inayogeuza maagizo ya binadamu kuwa maagizo ya mashine, iliikataa programu ya unga. Kompaila ya zamani ilikuwa na uvumilivu. Ukiitajia kitu bila kukitambulisha, ilidhani umesahau, ikaendelea na kazi. Hii mpya ilitaka kila kitu kitambulishwe mwanzoni, na tena kiwe kwenye daftari lake.

Programu ya unga ilikuwa imeandikwa na Patriki, kijana mwema ambaye sasa alikuwa amehamishiwa Mwanza. Patriki aliitambua kila kaya kwa namba ya nyumba yake ya zamani, iliyoandikwa kwa chokaa mlangoni wakati wa sensa. Aliwaza kwamba watu huhama huku na huku, lakini nyumba hukaa pale ilipo. Kompaila mpya ilitafuta nyumba zile, haikuziona. Ikachapa mistari mia moja thelathini na moja, yote ikisema neno lile lile: kitu kilichotajwa hakipo.

Kila Kornelia alipozipitisha kadi upya, nyumba zilizosemwa hazipo zilikuja kujionyesha. Kufikia Alhamisi zilikuwa zimekuja zote. Zilijaa uwanjani na kando ya barabara ya kwenda Basotu, zikiwa zimetulia kama mifugo iliyoshiba, kila moja na namba yake ya chokaa. Hermani, meneja, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Ndugu Kornelia, nyumba zako zinaziba njia. Lori litageuzia wapi?"

"Si zangu, ndugu meneja."

"Basi tengeneza programu, zikajiendee. Lori linaondoka Jumamosi saa sita. Likikosa orodha, kijiji kizima kitakaa bila unga mpaka mwezi ujao."

Kornelia akaketi kutengeneza. Alizitoa namba za nyumba kadi kwa kadi, akaweka mahali pake namba za kijiji kipya, ambazo watu walipewa kwa jinsi walivyofuatana kufika. Makosa yalianza kupungua: mia, themanini, hamsini. Yalipofika thelathini na mbili yakagoma. Mfumo mpya uliipa namba ya kaya safu mbili tu za kadi, hivyo mwisho ulikuwa tisini na tisa. Sifuri sifuri ilikuwa imeshachukuliwa na ofisi ya kijiji.

Alijaribu kutumia herufi, kompaila ikakataa. Akakigawa kijiji viwili, ikakataa, kwa kuwa daftari la vijiji lilitoka makao makuu likiwa limefungwa. Akazipa kaya mbili namba moja, mashine ikabaki na ile ya mwisho na kuisahau ya kwanza. Ijumaa asubuhi aliita makao makuu kwa redio. Sauti ya huko ilikuwa ya upole, ilimuuliza kwanza kama amekula. Kisha ikasema mfumo hauna kosa, apunguze kaya.

Alipotoka kupunga upepo alimkuta mzee ameketi kwenye mlango wa nyumba ya kwanza, ile ya ukuta wa kusini, shuka lake jeusi begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naitwa Gidabuday. Hii ni yangu. Nilisikia imekuja huku nikaifuata."

Ndani alikuwepo mkwewe, Benedikta, amempakata mtoto wa miezi minne. Basili, mume wake, alikuwa amekwenda kutafuta kibarua. Maziwa ya Benedikta yalikuwa yamekauka tangu wiki iliyopita, na mtoto alinyonya kwa adabu tu. Kornelia aliingia, akampa chapati yake ya mchana. Benedikta akaikata mara mbili, akamrudishia nusu.

"Na wewe una kazi," alisema.

Namba ya kijiji ya Gidabuday ilikuwa mia moja.

"Mzee, ulifikaje nyuma ya wenzako?" Kornelia aliuliza. "Wengi wa boma lako wako thelathini na kitu."

"Lori letu lilimwacha Bibi Ludovika. Haoni, wakadhani amekwenda na wengine. Nikarudi kumchukua, nikambeba mgongoni siku mbili. Tulipofika kwenye foleni nikamtanguliza. Ni mzee."

Ludovika alikuwa tisini na tisa.

Habari ilimfikia bibi huyo, na Jumamosi asubuhi akaja mwenyewe. Alipapasa ukuta wa nyumba moja hadi nyingine, akizitaja wenyewe kwa kugusa udongo tu, na nyumba zilisogea kidogo ili zisimkwaze. Akafika kwenye mlango wa Gidabuday.

"Yuko wapi binti wa mashine?"

"Niko hapa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nitoe mimi, muweke huyu. Mimi nakula kama ndege."

"Usimsikilize," Gidabuday alisema. "Anakula kama trekta."

"Ulinipimia kwenye mgongo wako, Gidabuday?"

"Ulikuwa mzito, bibi. Ungekuwa ndege nisingeumwa kiuno mpaka leo."

Wakacheka wote wawili, hata Benedikta. Kisha Ludovika akasema tena, taratibu, kwamba atolewe. Gidabuday akamwambia Kornelia kwamba akimtoa bibi, yeye hatapokea unga huo, na debe litarudi na lori. Walibishana hivyo, kila mmoja akimsukumia mwenzake uhai, mpaka Felician alipokuja kusema ni saa tano na nusu na dereva amewasha lori.

Kornelia akarudi ndani. Alizishika kadi mbili, ya tisini na tisa na ya mia, zikiwa na uzito sawa. Akaiacha ya tisini na tisa mahali pake. Akazitoa zile thelathini na mbili, akazifunga kwa ugwe, akaziweka kwenye droo pamoja na flana yake. Mashine ikazimeza zilizobaki. Ikachapa: makosa, sifuri.

Nje, nyumba tisini na tisa ziliinuka kwa mpangilio wa namba, zikafuata barabara ya Basotu kuelekea mbugani. Zilipofika kila moja mahali pake pa zamani zikabomoka upya, bila kelele. Thelathini na mbili zilibaki uwanjani, na wenyewe wakazifuata, wakakaa humo. Lori likapata nafasi ya kugeuza.

Ludovika alipopimiwa alileta nusu debe kwenye nyumba ya Gidabuday, nyumba ya mia. Felician alikuwa na mbuzi mmoja mwenye maziwa, akawa anakama kikombe kila asubuhi na kukiacha mlangoni bila kubisha. Kornelia aliandika barua nne kwa makao makuu. Nyumba nyingine zilipelekewa walichoweza watu, kiganja hapa na kiganja pale.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, moshi haukutoka kwenye nyumba ya mia. Mtoto alikuwa amekufa alfajiri. Felician alichimba kaburi nyuma ya ghala, na hakuna aliyemtuma. Hermani alitafuta mbao akakosa, akaenda stoo akarudi na lile sanduku lililoleta tepe. Lilikuwa limetandikwa sponji, na mtoto akaenea. Nyumba ilijiinua upande mmoja ili Benedikta apite bila kuinama.

Baada ya hapo watu wa zile kaya waliondoka mmoja mmoja. Gidabuday, Basili na Benedikta walielekea upande wa kusini. Hawakusema wanakwenda wapi. Nyumba hazikuwafuata.

Mwezi wa saba tepe ya tano ilifika. Mfumo ulikuwa umeongezewa safu ya tatu. Kornelia akazifungua kadi za droo, akazirudisha kwenye programu, na kompaila ikazipokea kwa mara ya kwanza bila kulalamika. Lori likapakia madebe ya kaya mia moja thelathini na moja. Thelathini na mbili yalirudi kwa kukosa wa kutia saini, na makao makuu yakaandika barua ya pongezi kwamba kituo kilikuwa na ziada. Hermani aliibandika ukutani, kisha akaketi chini yake muda mrefu, chai ikapoa.

Nyumba ya mia bado ipo kando ya ukuta wa kusini. Kuku wamehamia humo. Kila asubuhi Kornelia akipita huiamkia shikamoo, halafu huingia, hufuta kadi, huwasha mashine. Nayo kila mwezi huchapa, kwa mstari mweusi ulionyooka: kaya namba mia moja, watu wanne, unga upo.