Maji ya Kisima cha Baba

Dada yangu alininyamazia miaka sita, kisha akaniletea chupa ya maji. Aliituma kwa dereva wa lori, pamoja na kikaratasi: "Tumbo linanisokota kila nikinywa. Nipimie, si wewe ndiye mtaalamu." Hata salamu hakuna. Nilikisoma mara nne. Mtu aliyezoea kula peke yake hushiba hata kwa kejeli.

Ugomvi wetu ulikuwa nyumba aliyotuachia marehemu baba. Mimi nilitaka iuzwe tugawane. Yeye akaapa hatatoka humo ila kwa kubebwa. Nilimtolea maneno ambayo mpaka leo nayaonea aibu.

Kazi yangu maabara ni kutafuta metali zilizojificha ndani ya maji. Dawa tunayotumia ina europi, madini adimu, na ukiimulika kwa taa ya urujuanimno huwaka nyekundu kama kaa la moto. Maji yakiwa salama, inaendelea kuwaka. Yakiwa na shaba nyingi, shaba huing'ang'ania dawa na mwanga unakufa.

Nilidondosha maji ya dada kwenye kichupa, nikawasha taa. Dawa ikazimika. Nikaosha vyombo upya, nikarudia, ikazimika tena. Mara ya tatu nilitia maji safi ya maabara, nikiomba dawa yenyewe iwe imeharibika. Ikawaka vizuri kabisa.

Niliogopa kupiga simu. Ningekuwa yeye, nisingemwamini mtu kama mimi. Nikapiga hivyo hivyo.

"Dada, kisima kina shaba. Usiyanywe tena hayo maji."

"Kwa hiyo nihame."

"Nimesema maji, sijasema nyumba."

"Miaka sita unanitafutia dawa, mdogo wangu. Leo umeipata."

"Nyumba ni yako, dada. Nitaandika, nitatia sahihi. Wewe chota maji kwa jirani tu."

"Kisima hiki baba alikichimba kwa mikono yake. Nyinyi na taa zenu..." Hakumalizia. Nikasikia kikombe kikigonga ndoo, kisha akanywa taratibu, mdomo karibu na simu, ili nisikie kila funda.

Nikamwita. Nikalia, wala sikuona haya.

Akachota kingine.