Gurudumu la Mjozi

Mpaka Februari ile, Firmin Auclair alikuwa hajashindwa na jambo lolote ambalo hakuwahi kulijaribu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Siku za juma alilala bwenini mjini Moulins, katika shule ambayo walimu wake bado walikuwa wakichunguza nani aliyeivisha sanamu ya mwanzilishi wa shule nguo za kulalia za mwalimu mkuu. Uchunguzi huo, kwa masikitiko makubwa, ulikuwa haujafika popote. Kila Ijumaa alirudi kijijini Saint-Aubrin, kwa babu yake Anselme, seremala mstaafu aliyemlea yeye na dada yake Clémence tangu wakiwa wadogo.

Kijijini hakuwa mtundu. Tuseme hakuwa mtundu sana. Kilichomtuliza ni zeze la gurudumu, ala ya watu wa Bourbonnais, katikati ya Ufaransa: sanduku lenye tumbo la mviringo unalolipakata mapajani, mkono wa kulia ukizungusha mpini, gurudumu la mbao likisugua nyuzi, na mkono wa kushoto ukibonyeza vitufe. Likipigwa vizuri, wazee huacha divai mezani wakaingia uwanjani. Likipigwa vibaya, ng'ombe wa jirani hupunguza maziwa. Firmin alikuwa ameshavuka hatua ya ng'ombe.

Tatizo ni kwamba zeze hilo halikuwa lake. Lilikuwa la chama cha ngoma cha kijiji, na chama huliazimisha kwa mwanafunzi mmoja, kisha humpa mwingine. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa Juni, Firmin angelirudisha. Na mwezi wa Septemba dada yake angeolewa. Pale Saint-Aubrin bibi harusi hutembea kwa miguu kutoka ofisi ya meya mpaka kanisani, na mbele yake hutangulia mpiga zeze. Clémence alikuwa ameshatangaza kwamba anayetangulia ni mdogo wake, hakuna mwingine, na kwamba wakimletea spika iliyofungwa kwenye mkokoteni atageuka arudi nyumbani, bwana harusi akatafute mwenye masikio mabovu.

Kwa hiyo lilitakiwa zeze jipya, na swali likawa moja tu: waunde au wanunue?

Firmin alitoa tamko lake mezani, mbele ya pai ya viazi na malai. Wataunda. Tayari alikuwa amewatangazia wenzake bwenini, na neno lililotangazwa bwenini halirudishwi kwa urahisi. Babu Anselme, ambaye maisha yake yote alitengeneza milango, madirisha na ngazi, aliweka uma chini.

"Tutaunda," alisema.

Na hapo hapo akataja mbao za mjozi. Clémence aliacha kutafuna. Mbao hizo zilitoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba karibu na kisima cha kufulia, na zilikuwa zimeegemea ukuta wa karakana miaka mingi. Kijiji kizima kilijua ni za nini. Babu alikuwa ameziweka kwa ajili ya jeneza lake, kwa sababu, alivyosema, hakutaka kwenda kwa Mungu ndani ya kazi ya mtu mwingine.

Aliyepinga ni Bi Desforges, mwalimu wa zeze, mwanamke mnene wa maneno machache aliyewahi kuendesha basi la shule na ambaye bado aliwatazama watu kama wamesimama wakati basi linatembea. Alisema mtu hununua kwanza. Zeze zuri la kwanza ndilo linaloufundisha mkono na sikio mambo mazuri yalivyo. Asiyewahi kuishi na zeze zuri hajui anaunda nini. Firmin alimjibu, kwa heshima na taadhima, kwamba yupo mtu aliyeunda zeze la kwanza kabisa duniani, na huyo hakuwa amenunua lolote.

"Kweli," alisema Bi Desforges. "Na hakuna aliyeolewa nyuma yake."

Lakini hakuwa mtu wa kukataa tu. Aliwapa sharti. Watengeneze gurudumu peke yake, kwa sababu gurudumu ndilo zeze, mengine ni sanduku. Likifika Pentekoste likiwa bado duara, atawasaidia kuunda lililobaki. Likipinda, wananunua, na asisikie kilio.

Walilitengeneza Jumamosi moja. Babu alichora duara kwenye ubao wa kuchorea kwa kufuata gurudumu la Bi Desforges lenyewe, kisha akakata gurudumu la ukubwa ule ule kutoka kipande kimoja cha mjozi, kizito, kizima, moyo wa mti. Mtu wa milango huamini mbao nzima. Walilitia ekseli, wakalisimamisha juu ya meza ya karakana na mpini wake. Babu akazungusha, Firmin akasogeza chaki taratibu. Chaki ikaacha mstari mweupe kuzunguka gurudumu lote bila kukatika. Wakapeana mikono kama marais wawili.

Ijumaa iliyofuata mvua ilinyesha. Firmin alifika kutoka Moulins, akapita karakana kabla ya kuingia ndani, akashika chaki, akazungusha. Chaki iligusa upande mmoja, ikaruka, ikagusa tena, ikaruka. Akazungusha upya, akiwa na matumaini ya kijinga. Gurudumu lilikuwa yai. Mjozi ulikuwa umekunywa unyevu, ukavimba kwa upana na kukataa kuvimba kwa urefu.

Alitoka aende kusema. Kupitia dirisha la jikoni alimwona Babu akimenya viazi, na Babu alikuwa anapiga mluzi. Firmin alisimama kwenye matope. Tangu babu yake afunge kazi, karakana ilikuwa kimya na jikoni pia; mzee alikuwa akikaa na redio akiilaumu kwa mambo ya dunia. Sasa anapiga mluzi, tena wimbo wa ngoma, anakosea sehemu ile ile kila mara na hajali.

Firmin alirudi karakana. Kesho yake asubuhi, Babu alipokwenda kununua mkate, Firmin alibandika msasa kwenye kipande cha ubao, akauegemeza kwenye gurudumu, akazungusha mpini mpaka chaki ikagusa kila mahali. Kisha akafagia vumbi. Alikuwa amefanya hila nyingi maishani, lakini hii ilikuwa ya kwanza ambayo hakutaka mtu yeyote acheke.

Ikawa hivyo majuma yaliyofuata. Mvua ikinyesha, yai. Upepo mkavu ukivuma, yai la upande mwingine. Firmin akasugua. Kuna Ijumaa alizolikuta limetulia, duara safi, naye akausifu moyoni mjozi kwa kuanza kuwa na tabia njema. Mezani, yeye na Babu walilisifu gurudumu kwa zamu, kama wabunge wawili wanaosifu daraja ambalo hakuna kati yao atakayelipita. Clémence aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akauliza kama wote wawili wamepata mba, na kama mba siku hizi ni ya rangi ya kahawia. Walimjibu kwa pamoja kwamba ni vumbi la barabarani.

Usiku bwenini, wenzake walipouliza kuhusu zeze, Firmin alianza kupunguza maneno. Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba alikuwa anaogopa Pentekoste kwa njia mbili. Gurudumu likishindwa, mluzi utakwisha. Likishinda, wataunda zeze zima kwa udanganyifu, na dada yake atatembea kwenda kanisani nyuma ya yai.

Pentekoste ikafika. Bi Desforges alikuja mchana akiwa amebeba zeze lake. Babu alivaa tai. Waliingia karakana wote watatu, na Clémence akasimama mlangoni na kikombe cha kahawa, kwa kuwa alisema asingekosa mazishi hayo hata kwa kulipwa.

Bi Desforges alishika chaki mwenyewe. Firmin akazungusha. Mstari mweupe ulikwenda, ukazunguka, ukafika ulipoanzia. Mwalimu alizungusha tena kwa mkono wake, akainama, akalitazama gurudumu kwa muda mrefu kama abiria anayetaka kushuka kabla ya kituo. Kisha akalitoa kwenye ekseli, akaenda kwenye ubao ambao Babu alichorea duara mwezi wa Februari, akaliweka gurudumu katikati ya mstari ule wa penseli.

Kuzunguka gurudumu pande zote, palibaki nafasi ya upana wa kidole.

"Bwana Anselme," alisema, "gurudumu lenu ni duara. Ila linakwisha."

Clémence aliweka kikombe chini ili asimwage kahawa. Firmin alimtazama Babu. Babu alitazama dari, ambako hapakuwa na chochote cha kutazamwa.

"Babu, ulikuwa unalisugua?"

"Jumatano," alisema Babu. "Na wewe?"

"Jumamosi. Ukienda kununua mkate."

"Mimi nilidhani mjozi huu una haya tu. Unanywea ukiona wageni."

Bi Desforges alisema amesahau kitu kwenye gari, akamshika Clémence mkono akatoka naye. Hakuwa amesahau kitu.

Babu aliketi kwenye kiti cha kufanyia kazi. Alieleza, akiyatazama magamba ya gundi mikononi mwake, kwamba alijua tangu juma la pili. Ila Firmin alikuwa ameshawaambia vijana wenzake, na kijana akiwa mbali na nyumbani, anahitaji kuwa na neno lake, hakutaka kumwaibisha.

"Na wewe kwa nini hukusema?" aliuliza. "Wewe unasema kila kitu, hata usichoulizwa."

"Ulikuwa unapiga mluzi."

Mzee akasema kwamba uamuzi ni wa Firmin. Akisema waendelee, yeye atakata gurudumu jingine kesho, na jingine keshokutwa, mpaka mbao ziishe. Na Firmin alijua ni kweli. Ingekuwa rahisi kusema waendelee. Angebaki na neno lake bwenini, na Babu angebaki na mluzi wake, na gharama yote ingelipwa na Clémence siku ya harusi.

"Nataka tununue," alisema. "Nataka dada atembee nyuma ya zeze linalojua kazi yake. Usinikasirikie, Babu."

Babu Anselme alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Vile vitufe vyote, mjukuu wangu. Kila kimoja kiteleze, kisilegee, kisikwame. Sijalala vizuri tangu Kwaresima."

Wakacheka mpaka Clémence akachungulia kuona nani anakufa.

Fundi wa mazeze aliishi bonde la pili, mwanamke aitwaye Huguette Lamoureux, na alikuwa na zeze alilolitengeneza zamani na ambalo aliyelinunua alihamia mjini akaliacha liuzwe. Siku ya kwenda, Firmin alilikuta gari limeshapakiwa mbao zote za mjozi. Alipinga. Alitaja jeneza waziwazi, neno ambalo hawakulizoea kati yao. Babu alimwambia atazikwa ndani ya msonobari kama watu wengine, na kwamba hatakuwa na nafasi nzuri ya kulalamika.

Huguette aligonga ubao wa kwanza kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga wa pili. Alisema mbao kavu namna hiyo siku hizi hazipatikani, akazipokea kwa sehemu kubwa ya bei. Alimwonyesha Babu magurudumu yake, yaliyobandikwa kwa vipande vyembamba, nyuzi za mbao za kila kimoja zikikatiza za mwenzake ili asiwepo anayefuata matakwa yake. Babu aliuliza maswali kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Kabla hawajaondoka, Huguette aliuliza kama angependa kuja siku za Alhamisi kumsaidia kupasua mbao nene, maana mgongo wake umechoka. Babu alijibu kwamba atatazama ratiba yake. Ratiba yake ilikuwa redio.

Ndani ya gari, Firmin alilipakata zeze. Alikuwa na kejeli kwa kila mtu na kwa kila tukio, akazitafuta, hakupata hata moja. Alikuwa amesema asante maelfu ya mara katika nyumba ile, kwa supu, kwa soksi, kwa nauli, jinsi mtu anavyofunga mlango akipita. Alishika mkono wa koti la Babu.

"Asante, Babu."

"Niachie, ninaendesha," alisema Babu, lakini hakuvuta mkono.

Septemba, siku ya harusi, palikuwa na manyunyu. Firmin alitangulia kutoka ofisi ya meya, na zeze likaimba bila kuyumba, kila zungusho likitoa sauti moja. Mpiga zeze haruhusiwi kugeuka mpaka afike mlango wa kanisa, kwa hiyo hakuwaona waliokuwa nyuma yake. Aliwasikia. Alilisikia gauni la Clémence likiburuzwa kwenye mawe, na kando yake viatu vya Babu, aliyemshika mkono bibi harusi: hatua moja nzito, pumziko, hatua nyingine, magoti yaliyopanda ngazi za watu wengine maisha yote.

Wimbo ulikuwa wa kwenda mbio kidogo. Firmin aliupunguza, akaupunguza tena, mpaka ukaendana na hatua zile. Nyuma yake kijiji kizima kilijikuta kinatembea taratibu chini ya manyunyu, na bwana harusi akanong'ona akiuliza kama kuna tatizo, na Clémence akamwambia anyamaze, hakuna tatizo lolote.

Padri alikuwa mlangoni, akiangalia saa yake. Firmin alimwona vizuri kabisa, wala hakuharakisha.