Udongo wa Kutagia

Vitalia alikuwa anachambua maharage barazani Bwana Cleopa alipomletea sanduku la wavu lenye mijusi kafiri saba, wote majike. Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa. Cleopa alikuwa amelichukua ghala la ushirika hapo Kigonsera, na sasa alisafirisha na mijusi pia, maana Ulaya kuna watu wanaowafuga sebuleni. Alitaka Vitalia awatafutie kitu cha kutagia.

Vitalia hakukataa. Mumewe Bernadi, mlinzi wa ghala lile, alikuwa amepotea, na Cleopa ndiye aliyetangaza kwamba ameiba magunia akakimbilia Msumbiji. Tangu hapo Vitalia alimwogopa.

Alianza na mchanga wa ziwani, aliouagiza kwa wauza dagaa wa Ngumbo. Mijusi waliufukua, wakauacha. Akaweka maganda ya kahawa, yakashika ukungu. Maranda ya seremala waliyakanyaga tu, matumbo yakizidi kuwavimba. Mwishowe alichota udongo mweusi nyuma ya ghala, mahali palipotitia kidogo, na kabla ya adhuhuri wote saba walikuwa wametaga.

Siku ya tatu mayai yakaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, mara mbili, kisha kusafisha koo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Vitalia alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho miaka kumi na minne. Aliyafunika mayai kwa kanga, akaketi mlangoni, akiomba Cleopa asije.

Cleopa alikuja. Alifunua kanga, akainama, akasikiliza kwa makini.

"Umetumia udongo gani, mama?"

"Mchanga wa ziwani, Bwana Cleopa."

Akayafunga mayai kwa pamba, akaondoka nayo. Otilia, jirani wa Vitalia, aliyeyasikia yakipita njiani, alikuja kuuliza kama Bernadi amerudi, na kama kifua bado kinamsumbua. Vitalia akasema hajarudi.

Baada ya miezi mitatu Cleopa alileta majike ishirini. Alieleza kwamba wateja wamewapenda wale wanaokohoa, wanataka wengine wa namna hiyohiyo. Vitalia akasema ataagiza mchanga Ngumbo.

"Achana na mchanga," Cleopa alisema kwa upole. "Kachimbe palepale nyuma ya ghala. Ila usiende chini sana."

Vitalia akaenda na karai. Jembe aliliacha nyumbani. Alichimba kwa vidole, polepole, akiogopa kumuumiza.