Kipa Bora Ahudhurie Mwenyewe

Jumamosi asubuhi fundi wa friji aliinua mfuniko wa friza ya muuza samaki kuangalia kama imeanza kugandisha, akamkuta kipa wake ndani. Alikuwa amejikunyata, magoti kifuani, ngao nene za miguuni zimembana, gongo amelilaza mapajani, nyusi zimeota barafu. Friza ilikuwa inagandisha vizuri. Jana yake fundi alibadilisha kompresa na kuongeza gesi, lakini alikuwa na wasiwasi na bomba moja la nyuma. Sasa wasiwasi ukamtoka.

"Shikamoo, kocha," kipa alisema.

"Marahaba. Toka taratibu, usiniharibie raba ya mfuniko."

Alimtambua papo hapo, maana alimtengeneza mwenyewe. Mwenye duka la kutoa nakala, ng'ambo ya barabara, aliwahi kununua kompyuta kuukuu na kukuta ndani yake mchezo wa hoki ya barafuni. Mtaa mzima hakuna aliyewahi kuona uwanja wa barafu. Barafu waliyoijua wao ni ile ya kutia kwenye juisi. Lakini mchezo ulikuwa wa bure na Jumamosi ni ndefu, basi wakaunda ligi. Kila mwanachama alikuwa na timu yake, akiwapa wachezaji majina na kuwagawia alama za wepesi, ari na uvumilivu, halafu kompyuta inacheza yenyewe. Wao kazi yao ilikuwa kukaa kwenye benchi dukani, kusoma matokeo yanavyotokea kwenye kioo, na kugombana. Muuza dawa alikuwa na timu moja, mwalimu wa udereva timu moja, fundi timu moja. Mwenye duka alikuwa na timu tatu na cheo cha Mwenyekiti, kwa sababu kompyuta ilikuwa yake.

Fundi hakujua kupanga timu, na halijifichi hilo. Alama zake zote alimrundikia kipa. Washambuliaji wake walikuwa hawawezi hata kusimama, lakini golini kwake hakikupita kitu. Ndiyo maana akamwita Komeo. Msimu mzima Komeo hakusogea golini, na timu ikamaliza katikati ya msimamo kwa sare za bila kwa bila. Siku ya mwisho kompyuta yenyewe, bila kuombwa na mtu, iliandika kwa herufi za kumetameta: KIPA BORA WA MSIMU, KOMEO.

Tuzo ya Kipa Bora ilikuwa na kikombe. Na kikombe ndicho fundi alichokuwa akikitaka kufa na kupona.

Nyumbani kwao, sebuleni, kulikuwa na kabati la vioo la mama yake. Ndani yake vilipangwa vikombe vya kaka yake mkubwa: cha mbio, cha mdahalo, cha uandishi wa insha, na kimoja alichopewa kwa kuhudhuria. Kaka mwenyewe aliondoka zamani na simu hapigi, ila vikombe vyake vilifutwa vumbi kila asubuhi. Fundi, binti wa mwisho, ndiye aliyebaki na mama, ndiye aliyeleta mkate na dawa za presha, na friji iliyokuwa jikoni aliifufua kwa mikono yake. Lakini kila alipokuja mgeni, mama alimpitisha kwenye kikombe kimoja kimoja kama anayetambulisha wakwe, kisha akamalizia, "Na huyu kitinda mimba wangu, yeye hajawahi kuleta kitu humu ndani." Alisema bila ubaya wowote. Hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Fundi alipomwambia habari za Kipa Bora, mama alifungua kabati, akasogeza kile kikombe cha kuhudhuria, na kuacha nafasi ya upana wa kiganja. "Haya, tutaona," alisema.

Wiki hiyohiyo Mwenyekiti alibandika kanuni mpya ukutani, juu ya mashine ya kutoa nakala: mshindi wa tuzo ahudhurie mwenyewe, la sivyo tuzo inakwenda kwa anayemfuata. Anayemfuata alikuwa kipa wa Mwenyekiti, ambaye alifungwa hadi na mabeki wake mwenyewe.

"Lakini hawa si watu," fundi alimwambia. "Ni majina na namba. Atahudhuriaje?"

"Hilo liko mikononi mwako, Fundi."

"Na wachezaji wako waliochukua tuzo zote miaka yote hii? Mbona hawajawahi kuhudhuria?"

"Wangu hutoa udhuru," alijibu Mwenyekiti, akaendelea kupanga karatasi.

Kwa hiyo Komeo alipotoka kwenye friza Jumamosi ile, fundi hakuuliza katokaje. Alimuuliza kama ana njaa. Komeo alisema hajui, maana kwenye alama zake njaa haimo. Fundi alimfuta barafu kwa kitambaa, akamkalisha kivulini asiyeyuke sana, akamalizia kufunga skrubu za friza. Muuza samaki alikuja kuichukua, akamwona Komeo, akauliza kama ilikuja na kile kidude cha kuonyesha baridi au kimepotea. Kilikuwa kimepotea.

Alasiri walivuka barabara. Komeo alitembea juu ya viatu vyake vya visu, kwa shida, amemshika kocha bega. Dukani benchi lilikuwa limejaa. Mezani palikuwa na vikombe vya msimu, vyote vimepakwa rangi ya dhahabu. Kwa kuwa dukani kwa muuza vikombe hapakuwa na sanamu ya mcheza hoki, Mwenyekiti alinunua za wacheza tenisi na kukata nyuzi za raketi kwa mkasi. Vilipendeza tu.

"Kipa Bora," alitangaza Mwenyekiti. "Mshindi yupo?"

"Nipo," alisema Komeo, na matone yakadondoka sakafuni.

Muuza dawa alisogeza miguu yake isilowe. Mwalimu wa udereva alisalimia. Mwenyekiti alivaa miwani, akamtazama Komeo kuanzia barakoa ya waya hadi visu.

"Tutajuaje kuwa ni yeye?"

Bila kusubiri jibu alimrushia stepla. Komeo aliidaka kwa mkono wa kushoto, bila haraka, akaiweka mezani. Muuza dawa alirusha kichupa cha dawa ya kikohozi kikadakwa. Mwalimu wa udereva alirusha funguo za gari nazo zikadakwa, halafu akapiga chafya, na Komeo akanyoosha mkono kabla ya kuona hakuna cha kudaka. Mwenyekiti, ambaye hapendi kuonekana mwonevu, alimaliza kwa kuokota rimu nzima ya karatasi na kuivurumisha kwa nguvu zake zote. Komeo aliipokea kifuani kama mtoto, akaiweka kando ya stepla.

"Ni yeye," alisema Mwenyekiti. "Hapo sina neno. Basi hastahili."

"Hastahili kivipi?" fundi aliuliza.

"Ligi hii ni ya kompyuta. Wachezaji wake ni wa kwenye kompyuta. Huyu ana miguu, analowesha sakafu yangu. Huyu ni mtu kabisa, na mtu hawezi kushinda tuzo ya asiyekuwa mtu. Hata wewe fikiria, Fundi, tukiruhusu hili kesho si kila mtu atakuja?"

"Ulisema asipokuja hapati."

"Ndiyo."

"Amekuja."

"Ndiyo maana hapati."

Fundi aliwageukia wa kwenye benchi. Muuza dawa alikuwa akisoma maandishi ya kichupa chake mwenyewe kama hajawahi kukiona. Mwalimu wa udereva, ambaye Mwenyekiti humtolea nakala za maswali ya wanafunzi wake, alisema kwamba kanuni ni kanuni, akaomba funguo zake. Fundi alitaka kusema neno, lakini yote aliyokuwa nayo yalikuwa matusi, na Mwenyekiti ni mtu mzima.

"Anayemfuata," alitangaza Mwenyekiti, "ni kipa wangu, ambaye ametoa udhuru." Alikabidhi kikombe kwa mkono wa kulia, akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakiweka chini ili apate kupiga makofi. Kisha alitoa neno fupi la shukrani kwa niaba ya kipa, akawashukuru wapinzani kwa ushindani, na kwa namna ya pekee akamshukuru Komeo kwa kuja.

Walivuka barabara kurudi. Mlangoni mwa karakana Komeo alivua barakoa.

"Kocha, ari yangu imeshuka hadi arobaini."

"Hata yangu," alisema fundi, na alikuwa anasema kweli.

Nyumbani mama alikuwa amekaa mkabala na kabati, mlango wa kioo ameuacha wazi.

"Shikamoo, mama," Komeo alisema.

"Marahaba, baba, karibu ndani. Hivyo viatu vya visu viache hapo nje, vitanichania zulia." Akamgeukia binti yake. "Kiko wapi?"

"Wamempa mwingine, mama. Lakini huyu ndiye aliyeshinda. Huyu ndiye Komeo. Nimemtengeneza mimi."

Mama alimtazama Komeo mikononi. "Naye kaja mikono mitupu," alisema. Aliinuka, akakirudisha kikombe cha kuhudhuria mahali pake, akafunga kabati. Halafu akaenda kumtafutia Komeo taulo, kwa sababu mama hakuwa mtu mbaya.

Komeo hakuweza kurudi kwenye kompyuta, na hakuna aliyejua pa kumpitishia, kwa hiyo alibaki. Usiku alilala amesimama kati ya friji na ukuta, akisema mngurumo wa friji unamkumbusha mashabiki. Mchana alikwenda karakanani. Akilishika jagi la maji kwa muda linapoa, na umeme ukikatika wauza nyama walimletea mizigo yao akaikumbatia. Wateja waliongezeka. Wakimpita mlangoni walisema habari za kazi, naye alijibu, "Uvumilivu tisini na mbili." Watu waliona ni jibu la kawaida tu.

Msimu mpya ulipoanza, golini kwa timu ya fundi kulikuwa wazi, na kompyuta haikumruhusu kuandika jina jingine pale. Muuza dawa alimfunga mabao mpaka mashine ikapata joto ikazimika. Kipa wa Mwenyekiti alishinda tena Kipa Bora, akatoa udhuru tena. Kanuni bado imebandikwa ukutani, na karatasi imeanza kuwa ya njano. Fundi huenda kila Jumamosi na hupiga makofi pamoja na wengine. Alitamani kuacha, lakini asingekuwa na pa kwenda siku hiyo.

Juzi kati alikuja mama mdogo na wageni wawili upande wa mume wake, ambao hawajawahi kufika. Fundi alinunua soda. Komeo alitoka jikoni na jagi la maji ya baridi, akamimina glasi za wote bila kumwaga tone, akasimama mbele ya kabati kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Wageni walishukuru, wakasema maji ni mazuri.

"Hivi ni vya mkubwa wangu," alianza mama. "Kile pale ni cha mbio. Kile cha mdahalo, waliwashinda wote. Na huyu kitinda mimba wangu..." Alitabasamu, akamshika fundi mkono kwa upendo. "Huyu hajawahi kuleta kitu humu ndani."

Fundi aliumia palepale alipozoea kuumia. Wakati huohuo mama mdogo alifungua soda kwa nguvu kupita kiasi, na kizibo kikaruka moja kwa moja kuelekea kwenye vioo vya kabati. Komeo, jagi likiwa mkono wa kulia, alinyanyua wa kushoto akakidaka, akakitia mfukoni. Hakuna aliyegeuka.

Mama alipeleka shingo kushoto, kisha kulia.

"Komeo, baba, sogea kidogo," alisema. "Unatuzibia vikombe."

Komeo alimtazama kocha wake. Fundi akaitikia kwa kichwa, na Komeo, ambaye msimu mzima hakusogea golini, akasogea.